Tangazo lilikaa ukutani, mimi niko bandani

Mei 2022 nilikuwa bandani na mama, tunachambua tumbaku na kuipanga kwa madaraja ili marobota yawahi soko la chama cha msingi cha ushirika. Siku hizohizo maombi ya ukarani wa sensa yalikuwa wazi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, simu janja naijua vizuri, na vitongoji vyetu hapa Kaliua, mkoani Tabora, navijua njia kwa njia. Habari zilinifikia siku tatu baada ya maombi kufungwa. Nilipofika ofisi ya kata, tangazo lilikuwa bado ukutani, limeanza kupauka kwa jua. Agosti ilipofika, aliyekuja kuhesabu kaya yetu alikuwa kijana niliyesoma naye darasa moja. Mama alimkaribisha uji, mimi nikajibu maswali.

Tangu hapo nimejifunza mambo kadhaa, na naandika kwa ajili ya mdogo wangu aliyeko Ulyankulu, Sikonge, Uvinza au Kakonko, anayeamini kwamba kwao hakuna kitu. Vitu vipo, ila vinabandikwa mahali ambapo hatupiti.

Tulianza na daftari. Vijana watatu tukagawana zamu: kila Jumatatu mmoja anapanda baiskeli hadi ofisi ya kata, anasoma ubao wote, kisha anaingia ndani kumsalimia mtendaji na afisa maendeleo ya jamii. Msiishie ubaoni. Mengi hayabandikwi, yanasemwa kwa mdomo, na afisa anayekuona kila wiki atakukumbuka siku barua ya semina ikitoka wilayani. Daftarini tunaandika tangazo lenyewe, siku ya mwisho, vinavyotakiwa, na jina la ofisi ya kuuliza. Jioni linasomwa uwanjani kabla ya mpira.

Hapo tulikosea kwa karibu mwaka mzima. Uwanjani ni wavulana watupu! Dada zetu walikuwa hawasikii lolote, na sisi tukawa tunasema wasichana hawajitumi. Dada mmoja ndiye aliyetuambia ukweli, kwamba habari tunazipeleka tunakokaa sisi. Sasa daftari linasomwa pia kwenye mashine ya kusaga na kisimani, na wanaosoma ni wao wenyewe. Mwaka huohuo binti mmoja aliomba ushonaji chuo cha ufundi cha VETA Tabora. Mama yake alikuwa akidhani ada ni mamilioni. Tulipomwonyesha kwamba kwa mwaka ni shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, alinyamaza kidogo, kisha akauliza masomo yanaanza lini. Ni Januari, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayesubiri mwaka mpya ndipo aulize amechelewa. Tenga pia fedha za vifaa, sare na nauli, maana hizo ndizo huwarudisha watu nyumbani.

Sasa karatasi. Hapa nakuomba sana usifanye haraka kusoma, kwa sababu nimeona vijana wengi wakikwama hapa kuliko kwenye elimu. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na vyeti vya shule, usome jina herufi kwa herufi. Kwetu mtoto huandikishwa shule kwa jina la babu, NIDA akajiandikisha kwa jina la baba, na kwenye cheti cha kuzaliwa likatokea la ubatizo. Mimi mwenyewe shuleni niliandikwa herufi moja pungufu. Marekebisho yalinichukua miezi, kwenda wilayani na kurudi, kula kiapo, kusubiri. Shughuli hiyo fanya wakati hakuna tangazo lolote. Ukingoja dirisha la maombi lifunguke, wiki mbili hazitakutosha.

Kuhusu mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Kikundi chetu cha kwanza kiliundwa kwa kuufuata mkopo huo tu, watu tukakusanyana kama abiria wa basi moja, na kilikufa kabla hata katiba haijapigwa mhuri. Cha pili tulianza na mizinga sita tuliyochonga kwa fedha zetu, tukauza asali kidogo, tukaandika mihtasari ya vikao, tukafungua akaunti. Afisa alipokuja kukagua alikuta kazi inayoendelea. Fanyeni hivyo, hata kama mko Kigoma na mnataka miche ya michikichi badala ya nyuki: anzeni na kadogo mnachokiweza, mkopo uje kukikuza. Na kumbukeni ni deni. Kikundi kikishindwa kurejesha, wanaofuata ndio wanaonyimwa.

Jambo jingine ni matapeli. Nililipa shilingi 30,000 kwa mtu aliyesema ana fomu za ajira serikalini. Maombi ya kazi yanayopitia Sekretarieti ya Ajira hayalipiwi. Anayekuomba pesa ya fomu, ya "kusukuma faili" au ya soda, mwache hapohapo, hata akiwa mjomba wako.

Mwisho, mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo inaposomwa taarifa ya mapato na matumizi, na miradi inapotajwa kabla vibarua hawajatafutwa. Vijana hatuendi, tunasema ni wa wazee. Mimi nilipoanza kwenda nilikaa nyuma kimya mara mbili. Mara ya tatu niliomba nafasi, nikasimama, nikaomba matangazo ya kata yawe yanasomwa pale mwanzoni mwa mkutano. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini sikulisema hilo siku zote. Mwenyekiti akaliandika kwenye muhtasari, na mkutano uliofuata ulifunguliwa kwa daftari letu.