Wiki tatu, gari moja, kutoka Mwanza: mwelekeo upi uchaguliwe?

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una likizo ya siku 21 kuanzia katikati ya Juni, gari aina ya Prado ambalo si jipya lakini linatunzwa, mke na kijana wa kidato cha pili, na kwamba moyo wako unavutwa na Cape Town, huku Maporomoko ya Victoria na Ziwa Turkana vikiwa chaguo la pili na la tatu. Unauliza uelekee wapi. Nimefanya uchaguzi wa namna hiyo mara tatu nikianzia hapa hapa Mwanza, na mara ya kwanza nilikosea vibaya. Kwa kuwa kosa lenyewe lilifanyika mezani, kabla gari halijawashwa, naona nikueleze kwa kirefu.

Safari hiyo ya kwanza niliifanya na mdogo wangu, mwezi wa Novemba, tukiwa na siku 24. Tulitandaza ramani, tukaweka kidole Cape Town, tukakadiria kwamba kwenda tu ni zaidi ya kilomita 5,000, kisha tukagawanya kwenda na kurudi kwa idadi ya siku. Tukapata kilomita 420 hivi kwa siku, tukaridhika. Hesabu ile haikuwa na nafasi ya mpaka, wala ya vibao vya 50 ambavyo kuanzia Shinyanga hadi Mbeya vinakupunguza mwendo kila unapokaribia makazi, wala ya gari kuharibika. Pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, tulimaliza siku nzima tukihangaika na karatasi ambazo tungeweza kuziandaa nyumbani. Tulipokuwa kati ya Mpika na Serenje, beringi ya gurudumu la nyuma ilianza kulia, na tulikaa siku tatu tukisubiri nyingine iletwe kwa basi kutoka Lusaka. Tulifika Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na Maporomoko ya Victoria, siku ya kumi na moja. Hapo tulikubaliana, bila ubishi mrefu, kwamba safari ya mbele imekwisha, kwa sababu siku zilizobaki zilikuwa zinatosha kurudi tu.

Kilichoniuma zaidi kuliko kuikosa Cape Town ni yale maporomoko yenyewe. Mwezi wa Novemba upande wa Zambia unabaki na maji kidogo sana, kwa kuwa mto Zambezi huwa umepungua mno mwishoni mwa kiangazi, na sehemu kubwa ya ukuta ule mtu anauona ukiwa mwamba mtupu. Maji huwa mengi zaidi Aprili na Mei. Tulikuwa tumesafiri takriban kilomita 2,700 kwenda kuona kitu ambacho, kwa mwezi ule, hakikuwepo.

Tangu hapo nimeacha kuanza na mahali, naanza na siku ya kurudi. Chukua siku zako 21. Toa mbili za mwisho, ili ufike nyumbani, uoshe gari na ulale kabla ya kuingia kazini. Toa tatu za dharura, yaani beringi, homa au mpaka uliojaa, na usizipangie jambo lolote. Toa nyingine nne za kukaa bila kuendesha, kwa sababu familia inayoamka kila siku na kupanda gari huchoka kabla ya wiki ya pili, na safari hugeuka kuwa kazi. Zinabaki siku 12 za barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 350 kwa siku, ambao unakuruhusu kusimama mahali pa kulala ifikapo saa 11 jioni bila kukimbizana na malori gizani, unapata kilomita 4,200, kwenda na kurudi kwa pamoja. Usipite hapo. Cape Town imeondoka yenyewe. Livingstone nayo, kwa mtu anayeanzia Mwanza, inadai zaidi ya kilomita 5,400 kwa jumla, na itawezekana tu kama utaila akiba yako ya siku, jambo ambalo mimi siwezi kukushauri ukiwa na mtoto ndani ya gari.

Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, linaingia katika hesabu hiyo, kwa kuwa kupitia mpaka wa Sirari, Kisumu, Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 1,000 kwenda. Hata hivyo, barabara ya Kitale hadi Lodwar, hasa maeneo ya Kainuk, ina historia ndefu ya uvamizi unaotokana na wizi wa mifugo, na joto la huko si la kawaida kwa watu waliozoea upepo wa ziwa. Ningeliacha mpaka upate mwenzako mwenye gari la pili.

Safari yangu ya pili ilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria lote, siku tisa, kama kilomita 1,500: Musoma, Sirari, Kisumu, Busia, Jinja, Kampala, Masaka, Mutukula, Bukoba na kurudi kupitia Geita. Ni safari nzuri kwa mwenye likizo fupi, na ina jambo moja lililomfurahisha sana binti yangu, kwamba unavuka mstari wa ikweta mara mbili, kwanza Maseno upande wa Kenya, kisha Kayabwe upande wa Uganda. Tulisimama pia kwenye daraja la Kyaka, nikamsimulia habari za vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978 na namna daraja la wakati ule lilivyovunjwa. Lakini kwa siku 21 utabaki na muda mwingi mkononi, na utakuwa umelala miji mikubwa zaidi ya ulivyokusudia.

Safari ya tatu ndiyo ninayokushauri, na sikuichagua mimi. Niliweka hesabu ya kilomita 4,200 mbele ya mke wangu nikamwuliza yeye anataka kuona nini. Akasema, "Sisi tumezaliwa kando ya ziwa hili. Mimi nataka kuona hilo jingine, nijue maji yake yakoje." Alikuwa anazungumzia Ziwa Tanganyika. Katika miaka yote niliyokaa nikitazama ramani, sikuwa nimewahi kuuliza swali rahisi namna hiyo, na swali hilo lilinipa njia nzima.

Mnatoka Mwanza hadi Usagara, mnakata kulia kuelekea Kigongo. Sisi tulipita enzi za kivuko, tukapoteza nusu ya asubuhi kwenye foleni. Nyinyi mtapita juu ya daraja la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025, na kwa dakika chache mtakuwa Busisi. Hilo peke yake limebadilisha maana ya kusafiri kwenda magharibi kwa mtu wa Mwanza. Kisha Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Runzewe na Nyakanazi. Msijaribu kufika Kigoma siku hiyo hiyo. Laleni Kibondo au Kasulu, siku ya pili mteremke Kigoma mchana, ili mlione ziwa likiwa na mwanga. Tengeni siku mbili kamili hapo. Mkeo na kijana wako watastaajabu uwazi wa yale maji, maana sisi tumezoea ziwa ambalo kina chake hakifiki mita 100, ilhali lile linapita mita 1,400. Kuleni migebuka na kuhe, mlinganishe na sato wetu. Nendeni Ujiji, mahali mwandishi wa habari Henry Stanley alipokutana na mmisionari David Livingstone mwaka 1871. Kijana wa kidato cha pili atakuwa ameshaliona jina hilo darasani.

Kutoka Kigoma mnapita Uvinza, penye chumvi tangu enzi za kale, hadi Mpanda. Hapa ndipo gari litakapopimwa, kwa hiyo msiondoke Kigoma bila tangi kujaa na dumu la akiba. Baada ya Mpanda mnaingia Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hapa nakuomba msipite haraka. Kadiri kiangazi kinavyosonga, maji ya mto Katuma hupungua na viboko hukusanyika kwa makundi makubwa kwenye madimbwi yanayobaki. Mwezi Juni hamtakuta msongamano ule wa Septemba na Oktoba, lakini hata pale Sitalike darajani tuliwaona wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pengine popote. Vaeni nguo zenye mikono mirefu na za rangi hafifu, kwa kuwa mbung'o wa Katavi wana njaa na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi.

Kisha mnapanda nyanda za juu za Ufipa. Sumbawanga mwezi Juni ni baridi kweli, na mtu wa Mwanza asiyebeba sweta ataikumbuka hali hiyo kwa muda mrefu. Kutokea hapo, kupitia Matai, mnafika Maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani kabisa mwa Tanzania na Zambia. Juni bado kuna maji ya kutosha, kwa hiyo yale niliyoyakosa Livingstone mwezi wa Novemba niliyapata hapa, tena ndani ya nchi yangu, bila foleni ya mpaka. Tulikaa pale saa nne. Mke wangu hakuzungumza, na mimi sikumharakisha.

Mnarudi kupitia Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, lami tupu. Hata mkiongeza vichepuko, mzunguko wote hautafika kilomita 3,500, na akiba yenu ya siku tatu itabaki salama.

Ikiwa mtafika Tunduma mkiwa na siku zote za akiba na mkatamani kuingia Zambia kwa muda mfupi, andaeni karatasi mapema. Mtanzania haombi viza, lakini gari linahitaji kadi iliyo kwa jina lako au barua ya mwenye gari, kibali cha kuliingiza kwa muda, ushuru wa barabara, tozo ya hewa chafu na bima ya gari ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Bima hiyo huitwa kadi ya njano, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huitwa hivyo hivyo. Mdogo wangu alifika mpakani na moja akidhani ndiyo zote mbili, na sehemu ya ile siku tuliyoipoteza ilikwenda huko. Beba zote mbili.

Kuhusu gari, badilisha beringi, mikanda na mipira ya rejeta kabla ya kuondoka hata kama fundi anasema bado ina nguvu, na vile vya zamani vibebe kama spea. Chakula cha njiani hakina haja ya maelezo mengi: michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga na maji.

Jambo la mwisho ni hili. Mwishoni mwa Mei, pakia kila kitu mnachokusudia kubeba, watu wote watatu wakiwemo, mwende Bukoba Ijumaa na kurudi Jumapili. Ni kama kilomita 420 kwenda. Pima mafuta uliyotumia gari likiwa na mzigo, andika saa mliyotoka na saa mliyofika, kisha muulize kijana wako, mkiwa bado njiani, kama angeweza kuamka kesho yake na kupanda tena. Akisema hapana, punguza ile 350 iwe 280 na upige hesabu upya. Mzunguko wa Kigoma, Katavi na Kalambo bado utawatosha.