Usianze na rangi: kuwatambua sikilidi wakubwa wa Nyasa na Tanganyika

Najua rangi ndiyo iliyokuvuta kwa sikilidi, familia hii kubwa ya samaki wa maji baridi, lakini unapojifunza kuwatambua, iweke mwisho. Kwa sikilidi wakubwa wengi wa Ziwa Nyasa, ile bluu inayong'aa ni ya dume aliyekomaa, tena yule anayetamba mbele ya wenzake. Majike, wachanga na madume wanyonge hubaki na rangi ya fedha au kahawia.

Mimi mwenyewe niliumbuka. Nilikuwa na Nimbochromis livingstonii watatu, na mmoja nilimwandika daftarini kuwa jike kwa sababu miaka miwili mizima alibaki na mabaka ya kahawia kama ya twiga. Dume mkubwa alipokufa, haukuisha mwezi "jike" wangu akaanza kupata bluu puani, ikapanda kichwani, ikashuka mpaka nyuma ya mashavu. Kumbe alikuwa dume tangu mwanzo, ila alijifunika asipigwe. Tangu siku hiyo safu ya jinsia naijaza kwa penseli.

Kinachodumu ni umbo na alama nyeusi. Fossorochromis rostratus mchanga ana madoa makubwa yaliyopangwa mstari ubavuni, na pua ndefu ya kuchimbia mchanga. Dume akikomaa anageuka bluu iliyoiva na madoa yanamezwa, lakini pua ni ileile. Champsochromis caeruleus ana mstari wa mshazari unaotoka nyuma ya kichwa kuelekea mkiani, mwili mrefu kama mkuki. Dimidiochromis compressiceps mtazame kwa mbele: ni mwembamba kama kisu.

Ukoo wa Nimbochromis ndio unaowachanganya wengi, kwa hiyo tulia hapo. Livingstonii ana mabaka makubwa kwenye ngozi safi. Polystigma ana mabaka pia, lakini kaongezewa vidoadoa vidogo mwili mzima, kana kwamba mtu alimrushia wino. Linni mtambue kwa mdomo uliochongoka na kuinama chini. Venustus dume akikomaa huwa na uso wa bluu na utosi wa manjano. Mabaka hayo si pambo: livingstonii hulala ubavu mchangani kama mzoga, vijisamaki vikija kudonoa anavinyakua. Ziwani wanamwita kaligono, yaani mlalaji.

Ukitaka kuona alama za dume ambaye bluu imeshamfunika, mvizie taa zinapowashwa tu, au akishtuka. Kwa muda mfupi mabaka ya utotoni hurudi. Uwe na kamera mkononi, maana akituliza moyo yanafifia tena.

Wapo wanaovunja kanuni hii. Cyrtocara moorii anaanza maisha akiwa kijivu chenye madoa, kisha dume na jike wote wanakuwa bluu, wote na nundu kichwani, kwa hiyo usitafute jinsia kwa rangi hapo. Cyphotilapia wa Tanganyika ana miraba yake myeusi, yaani mistari mipana ya wima ubavuni, tangu mdogo mpaka uzeeni. Kinachokua ni nundu, na ya dume kwa kawaida ni kubwa zaidi. Kwake hesabu miraba: wale wa Kigoma wanajulikana kwa kuwa na saba.

Halafu yuko kuhe, Boulengerochromis microlepis, mkubwa kuliko sikilidi wote wa Afrika, anayeweza kupita sentimita 60. Akiwa tayari kuzaa mwili wake hung'aa manjano, lakini hata akiwa amepauka utamjua kwa magamba: ni madogo mno kwa samaki wa ukubwa ule, na ndiyo maana ya hilo jina microlepis.

Samaki wa madukani wana shida yao. Spishi zikichanganywa tangi moja huzaana, na utakutana na uso wa venustus juu ya vidoadoa vya polystigma. Usijikaze kumtafutia jina. Andika Nimbochromis chotara, na usimzalishe.