Maswali na Majibu: Masuke mengi, punje nyembamba

SWALI: Mimi ni mkulima wa Kongwa, mkoani Dodoma. Msimu uliopita nilipanda ekari moja ya mtama mweupe aina ya Macia kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, lakini nilitia mbegu nyingi kila shimo na sikupunguza miche, kwani niliona uchungu kung'oa kilichokwisha kuota. Masuke yalikuwa mengi ila madogo, na mnunuzi alikataa magunia kadhaa akisema punje ni nyembamba. Je, kosa ni la mbegu?

JIBU: Ndugu msomaji, mbegu haina kosa. Kwa nafasi hiyo ekari moja huwa na mashimo yapatayo 18,000. Ukiacha miche miwili kila shimo unapata mimea 36,000, lakini ukiacha mitano inafika 90,000, na yote inagombea maji yale yale ya mvua za Dodoma, ambazo mara nyingi hukatika mtama ukiwa ndiyo kwanza unajaza punje. Hapo punje hubaki nyepesi na zenye mikunjo, na zikikobolewa sehemu kubwa huishia kwenye pumba. Mnunuzi wako alilijua hilo. Tena mabua yaliyosongamana huwa membamba na hulala kwa upepo.

Hata hivyo, usiachanishe kupita kiasi. Mtama uliopata nafasi kubwa huelekea kutoa machipukizi pembeni, ambayo masuke yake huchelewa kukomaa, nawe ukivuna yote siku moja utachanganya punje kavu na mbichi, mchanganyiko unaoota ukungu upesi ghalani.

Punguza miche wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, udongo ukiwa umelowa. Bana kwa vidole ardhi iliyo kando ya mche unaobaki, kisha vuta ule dhaifu taratibu ili mizizi ya mwenzake isitikisike. Miche uliyong'oa, ikiwa mvua bado inanyesha, pandikiza kwenye mapengo. Nadhani hilo litakupunguzia uchungu unaousema. Penye udongo wa kichanga usiotiwa samadi, mimi ningeacha mche mmoja tu katika baadhi ya mashimo, na msimu ujao ningetia mbegu tano au sita kwa shimo badala ya kumimina kwa kiganja.