Jibu kwa dada wa Fort Portal: baiskeli za milimani na kuteleza kwa tyubu katika bustani ya Theodore Wirth, Minneapolis

Dada yangu, umeeleza kwamba utakuwa Minneapolis, Marekani, kwa kaka yako kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, ukiwa na watoto wawili wa miaka 7 na 12, na kwamba kaka amewaahidi siku moja katika bustani ya Theodore Wirth: asubuhi baiskeli za milimani, mchana kuteleza kwenye theluji mkiwa mmekalia tyubu iliyojaa upepo. Umeuliza kama yote mawili yanawezekana kwa siku moja, na kama mtu aliyejifunzia baiskeli kwenye vilima vya Toro, huku kwetu magharibi mwa Uganda, atayamudu. Mimi ni mzaliwa wa Kasese, na baiskeli nimeipanda tangu utotoni. Nilikaa kwa dada yangu katika jiji hilo kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Januari, na bustani hiyo niliizoea kiasi cha kuijua bila ramani. Kwa kifupi, lipieni tyubu mapema bila wasiwasi, lakini baiskeli msiwaahidi watoto mpaka asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu anayeamua ni udongo.

Kwanza elewa ukubwa wa mahali. Bustani ya Mimea ya Entebbe ina hekta 40 hivi; Theodore Wirth ina zaidi ya ekari 700, yaani zaidi ya hekta 280, karibu mara saba yake, na ndiyo bustani kubwa kuliko zote za jiji. Ina msitu, ziwa, kinamasi, na hata bustani ya maua ya porini iliyoanzishwa mwaka 1907. Jina la Theodore Wirth linatokana na msimamizi wa bustani za jiji aliyeanza kazi mwaka 1906, mzaliwa wa Uswisi. Mwambie kaka mkutane kwenye jengo liitwalo The Trailhead, lililofunguliwa mwaka 2018, kwa kuwa hapo ndipo watu hukodi vifaa na kujipasha moto. Mkisema tu kwamba mtakutana bustanini, mtatafutana nusu siku.

Kuhusu uwezo wako wa kuendesha, usiwe na hofu ya kupanda. Jiji lote liko takriban mita 250 tu juu ya usawa wa bahari na vilima vyake ni vifupi. Mtu aliyezoea kusukuma baiskeli yenye mkungu wa matoke kutoka bondeni hatatokwa na pumzi pale. Ugumu uko kwenye kona. Vijia ni vyembamba, upana wa mtu mmoja, navyo hupita katikati ya miti na juu ya mizizi na mawe, na mwelekeo ni mmoja tu unaoonyeshwa na mishale. Sisi tumezoea njia pana za vumbi ambako macho hutazama shimo lililo mbele ya gurudumu. Kule nilijifunza kutazama mwisho wa kona ningali sijaingia, maana baiskeli hufuata macho, na ukiukodolea macho mti utaugonga.

Lipo jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla ya kuondoka, nami ninakusihi ulishike kuliko mengine yote: breki. Baiskeli nyingi za huku kwetu hufuata desturi ya Kiingereza, ambapo mkono wa kulia hufunga gurudumu la mbele na wa kushoto la nyuma. Marekani ni kinyume: mkono wa kushoto ndio wa mbele. Siku yangu ya kwanza, katika mteremko mfupi uliojaa majani makavu ya Oktoba, niliminya breki ya kushoto kwa nguvu nikidhani ninafunga la nyuma. Gurudumu la mbele likasimama papo hapo, nami nikapita juu ya usukani na kuangukia bega. Helmeti ilipasuka, kichwa kikasalimika. Tangu siku hiyo, kila nilipokodi baiskeli, nilizunguka kwanza kwenye uwanja tambarare kwa dakika kumi, nikiminya breki moja moja hadi vidole viliposahau mazoea ya nyumbani. Mwanao wa miaka 12 naye azungushwe hivyo hivyo, hata akilalamika kwamba anajua.

Sasa udongo. Huku kwetu mvua ikinyesha, mwendesha baiskeli huvumilia tope na kuendelea na safari, kwa kuwa njia ni ya wote na kesho magari yatailainisha tena. Mimi nilikwenda na fikra hiyo hiyo. Mwishoni mwa Novemba, siku ya jua zuri baada ya usiku wa baridi kali, nilifika na kukuta vijia vimefungwa, nikasononeka, kwa sababu kwa macho yangu ardhi ilikuwa njema kuliko ya nyumbani wakati wa masika. Mzee mmoja aliyejitolea kutunza vijia hivyo alinionyesha sababu kwa fimbo yake. Jua lilikuwa limeyeyusha udongo wa juu kwa kina cha vidole viwili, huku chini ukiwa bado umeganda kama jiwe, hivyo maji hayakuwa na pa kuzama na juu ya barafu likafanyika tope laini. Tairi moja likipita hapo huacha mfereji, usiku mfereji ule huganda, na atakayekuja kesho atanaswa ndani yake na kuanguka. Vijia hivyo huchongwa na kurekebishwa kwa mikono ya watu wengi wasiolipwa, na tangu siku hiyo niliheshimu tangazo la kufungwa kama ninavyoheshimu shamba la mtu lililopandwa mbegu jana.

Kwa hiyo katika Desemba yako mambo yanaweza kwenda kwa namna mbili. Baridi ikiwa imekaza siku kadhaa mfululizo na theluji imeshindiliwa, vijia huendeshwa kwa baiskeli za matairi manene, aina ambayo kampuni ya Surly ya huko huko Minnesota, jimbo lenye jiji hilo, iliieneza kwa baiskeli yake ya Pugsley mwaka 2005. Upepo wa matairi hayo hupunguzwa hadi chini ya PSI 10 (kipimo cha msukumo wa upepo), kiasi kwamba ukilibonyeza tairi kwa kidole gumba linabonyea, ndipo likalala bapa juu ya theluji badala ya kuikata. Ni raha ya pekee, msitu ukiwa kimya kabisa. Lakini baiskeli hizo ni nzito, na kwa mtoto wa miaka 7 nisingeshauri. Na ikiwa hali ya hewa imelegea, barafu ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, baiskeli zisahauni kabisa. Vilevile msiingie na baiskeli kwenye njia za watelezao kwa ski, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Hizo ni zao, na zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa.

Kilima cha tyubu hakitegemei mbingu kwa kiasi hicho, kwa kuwa theluji yake hutengenezwa. Mashine hurusha matone ya maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa, na matone huganda kabla ya kutua, mradi baridi ifike kama nyuzi 2 chini ya sifuri na hewa iwe kavu. Hata mashindano ya Kombe la Dunia ya ski yaliyofanyika katika bustani hiyo Februari 2024, katika msimu uliokosa theluji ya kutosha, yaliwezekana kwa theluji ya namna hiyo. Watoto wasishangae wakikuta kilima cheupe katikati ya nyasi za kahawia.

Tyubu yenyewe ni kama ile ya lori tuliyoogelea nayo ziwani, ila chini ina kitako kigumu chenye utelezi na pembeni ina vishikio. Mtambo huwavuta hadi juu, mnakaa, mnasukumwa. Sisi tulioteleza vilimani kwa mashina ya migomba tunaujua mwendo huo tumboni kabla ya kuufikia. Kwangu, hata hivyo, kulikuwa na zaidi ya mchezo. Nimekulia chini ya Rwenzori, nikiiona theluji kwa mbali asubuhi mawingu yalipofunguka, na sisi Wakonzo, wenyeji wa miteremko yake, tunaiita nzururu, neno ambalo inasemekana ndilo lililoupa mlima jina. Bibi alikuwa akituonyesha kwa kidole na kutukataza kuizungumzia ovyo. Barafu ya huko juu imepungua mno tangu mwaka 1906 ilipopimwa na msafara wa Waitaliano, na sikuwahi kuifikia. Nilipofika chini ya kilima kile cha Minneapolis nilivua glavu, nikaishika theluji kwa mikono mitupu mpaka vidole vikafa ganzi, na wenye zamu iliyofuata walinisubiri kwa subira. Mwache mwanao mdogo aiguse kwanza kando ya foleni, asije akaifikiria katikati ya mteremko.

Mavazi: jinzi na soksi za pamba ziacheni nyumbani. Pamba ikilowa hukawia kukauka, na usiku wa Januari huko kwa wastani hushuka hadi nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Soksi za sufu, suruali isiyopitisha maji na glavu za akiba kwa kila mtoto zinatosha. Viatu vya kukazwa vizuri, kwa sababu kiatu kilegevu hujaa theluji.

Tiketi za tyubu huuzwa kwa zamu za saa maalumu, na zamu za sikukuu huisha haraka. Kaka asome pia masharti ya kimo kwa msimu huo kabla ya kulipa. Jua la Desemba huzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo chagueni zamu ya saa nane mchana: mtateleza kukiwa na mwanga, na mtakapokuwa mnarudisha tyubu taa za kilima zitakuwa zinawashwa.