Muulize Mjomba: Yule mtu wa uchi pale Bijlmer ni nani?

Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa Tanga, nipo Amsterdam mwaka wa pili sasa, nafanya usafi maofisini huku Bijlmer. Kila siku napita kwenye uwanja unaitwa Anton de Komplein, mbele ya ofisi za serikali ya mtaa, kuna sanamu la mtu mweusi yuko uchi wa mnyama, mi siku zote nilijua ni mtumwa. Juzi mwenzangu Msuriname kanikemea, eti huyo alipambana na Wajerumani wakati wa vita. Sasa mpambanaji gani anasimamishwa uchi? Na vile vibati vya shaba vya chini barabarani vyenye majina, ni vya watu kama yeye au vya Wayahudi tu? Naogopa hata kuvikanyaga.
Msomaji, Amsterdam

Marahaba mwanangu. Mwenzako kasema kweli ila kakupa nusu ya habari, na hiyo nusu nyingine ndo tamu zaidi, kwahiyo nivumilie.

Huyo wa sanamu ndo Anton de Kom. Kazaliwa Paramaribo, mji mkuu wa Suriname kule Amerika ya Kusini, mwaka 1898, nchi ikiwa bado koloni la Mholanzi. Baba yake alizaliwa utumwani. Hata jina lenyewe, chukua Kom ulisome kinyumenyume unapata Mok, ndo jina la mwenye watumwa, walikuwa wakiwaachia huru watu wengine wanawapa jina la bwana limegeuzwa mgongo. Akaja Uholanzi akiwa kijana, akaoa Mholanzi, akapata watoto wanne. Desemba 1932 akapanda meli na familia kurudi kwao maana mama yake mgonjwa, kufika Januari hakumkuta, keshafariki wao wakiwa bado baharini. Basi akaweka meza uani kwa wazazi wake akawa anasikiliza shida za watu, mmoja baada ya mwingine, anaandika kwenye daftari. Wakaja weusi, Wahindi, Wajava waliopelekwa kule kwa mikataba ya mashambani, hao Wajava wakamwita Papa de Kom, walikuwa na imani atawarudisha kwao Java. Gavana akaona hapa pana hatari. Tarehe 1 Februari 1933 akakamatwa, tarehe 7 watu wakajaa nje wakidai aachiwe, polisi wakapiga risasi, wawili wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa, mpaka leo Wasuriname wanaiita Jumanne Nyeusi. Yeye alikaa ndani kama miezi mitatu, kesi hakuna, halafu wakampakia melini kumrudisha Uholanzi.

Huko ndo akatoa kitabu chake, Sisi Watumwa wa Suriname, 1934. Kazi hapati.

Mjerumani alipoivamia Uholanzi 1940, De Kom yupo The Hague, akaingia kwenye harakati za siri, akaandikia gazeti la chini kwa chini. Angalia hapo mwanangu, silaha yake ilikuwa ileile ya uani Paramaribo, kalamu. Tarehe 7 Agosti 1944 Wajerumani wakamkamata. Akapelekwa gereza la Scheveningen, kambi ya Vught, kisha Ujerumani, kambi za Sachsenhausen, Neuengamme, mwisho Sandbostel ambako kifua kikuu kikamuua tarehe 24 Aprili 1945. Waingereza wakaikomboa hiyo kambi tarehe 29. Siku tano tu! Alizikwa kaburi la pamoja, mabaki yake yakaja kutambuliwa 1960 ndo akapelekwa Loenen, Uholanzi, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita.

Nishani ya waliompinga Mjerumani wakati wa vita wakampa 1982, keshakufa zamani. Lakini yale ya 1933, mpaka serikali ya Uholanzi ije kuiomba radhi familia yake ilikuwa 2023. Yaani mtu huyohuyo, kalamu hiyohiyo, aliyemfunga mwaka 44 tukamwita adui upesi sana, waliomfunga mwaka 33 ikachukua miaka tisini. Kwahiyo ukiniuliza alikuwa mpinzani wa nani, mi nakwambia hakuanza na Wajerumani.

Sasa kuhusu uchi. Hauko peke yako. Sanamu lilipozinduliwa 2006 Wasuriname wengi walikuja juu, walipinga palepale, wakasema hivyohivyo unavyosema wewe, mbona mmemvua nguo, mashujaa wa Kiholanzi mbona wamevaa makoti yao na vifungo vyote? Kuna waliotetea kwamba sanaa inataka kuonyesha nguvu na mtu kuzaliwa upya, sawa, mi sio msanii. Ila picha zake zipo, mtu yuko na suti, tai, kofia, nadhifu kuliko hata mimi siku ya harusi yangu. Mtu wa kalamu mngempa hata kalamu basi. Wewe binti mzima mwenye akili zako umepita hapo miaka miwili ukidhani ni mtumwa, hapo sanamu limefeli, mi ndo msimamo wangu na barua za kunipinga nazipokea.

Vibati navyo. Vilianzishwa na msanii Mjerumani, Gunter Demnig, 1992, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, kinawekwa mbele ya nyumba ya mwisho mtu aliyoishi kwa hiari yake. Uholanzi vinaanza na Hier woonde, yaani aliishi hapa, halafu jina, kuzaliwa, alikamatwa lini, alifia wapi. Wayahudi ndo wengi, ila wapo waliowapinga Manazi, Waroma (wale wanaoitwa Wajipsi), na wengineo. Kukanyaga? Mji wa Munich uliwahi kuvikataa barabarani kwa sababu hiyohiyo yako, wengine wanasema ukiinama kusoma ni kama umemwinamia marehemu. Ukikanyaga kwa bahati mbaya usijilaumu.

Na vinafubaa, watu hutoka na vitambaa kuving'arisha, hiyo kazi unaijua kuliko wengi. Kwahiyo ukifika Berlin pita Brunnenstraße namba 193. Hapo kuna kibati cha Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili chuoni Berlin, Manazi wakamfunga kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akafia Sachsenhausen Novemba 1944. Kisome kwa sauti hapo, kisha ukipanguse.