Kuchoma DVD mwenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani, yale niliyojifunza kwa kuharibu diski

Mimi kuchoma DVD nilianza kwa ajili ya mama. Mama hapendi kuangalia video kwenye simu, anachotaka ni akae kwenye kiti chake, aweke diski kwenye deki, ashike rimoti, basi. Na mimi nilikua na video za familia za miaka na miaka, zingine zimetolewa kwenye kanda za zamani, zingine za kamera, nikasema hizi zote ntamchomea. Diski ya kwanza nikachukua faili za MP4 nikaziburuta kwenye DVD tupu, nikachoma, nikampelekea. Deki ikahangaika kuisoma wee mwisho ikaitema. Mama hakusema kitu, akairudisha diski kwenye kava lake taratibu akanipa. Iliniuma sana, na toka siku ile nikaamua hii kitu niijue vizuri.

Kosa langu lilikua kutojua kwamba kuna DVD ya data na kuna DVD ya video. Ya data ni kama fleshi tu, unaweka faili lolote na kompyuta italisoma, ila deki nyingi hasa za zamani hazielewi MP4 kabisa. DVD ya video ina mpangilio wake, ndani yake kuna folda inaitwa VIDEO_TS na humo unakuta faili za VOB ambazo ndo zimebeba picha na sauti, kila moja haizidi GB 1, alafu kuna IFO zinazoielekeza deki menyu iko wapi na kila kipande kinaanzia wapi, na BUP ambazo ni nakala za hizo IFO, zipo ili sehemu moja ikikwaruzika deki ipate pengine pa kusoma. Picha yenyewe kwa kawaida inakua MPEG-2 (aina ya kubana video), ukubwa wa 720 kwa 576 kama ni PAL au 720 kwa 480 kama ni NTSC, hiyo ni mifumo miwili ya picha za TV. Kwa iyo kubadilisha jina la faili hakusaidii chochote, lazima video igeuzwe na programu inayojua kazi hiyo.

Mimi natumia DVDStyler, ni ya bure na ipo ya Windows, Mac na Linux. Unaingiza video zako, unachagua PAL au NTSC (angalia video zako za asili zilirekodiwa kwa mfumo gani ubaki humohumo, maana moja ni picha 25 kwa sekunde na nyingine 29.97, ukigeuza hovyo watu wanatembea kwa kushtukashtuka), unatengeneza menyu, alafu mwisho unaiambia ikutolee faili moja la ISO, yani faili lililobeba diski nzima kama itakavyokua. Usichome moja kwa moja. Ukishapata ISO ifungue kwanza na VLC, programu ya kuchezea video, inacheza kama diski kabisa na menyu inafanya kazi, kagua kila kitufe, sikiliza kama sauti inaenda sawa na midomo, maana kosa ukiliona hapo unarekebisha bila kupoteza diski. Nimeharibu diski nyingi sana kwa kuruka hii hatua ndo maana naisisitiza.

Sasa tuje kwenye nafasi, hapa ndo watu wengi wanaharibu picha. DVD ya kawaida ni GB 4.7 lakini kompyuta itakuonyesha kama 4.38 ivi, usidhani umeuziwa feki, ni kwamba kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Kuna na za tabaka mbili za GB 8.5 ila deki za zamani huwa zinasumbuka nazo, mimi nimeachana nazo. Chukua nafasi yako gawanya kwa muda wa video: masaa 2 yanakupa kama megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti kwa pamoja, na hapo picha inatoka safi. Ukilazimisha masaa 4 kwenye diski hiyohiyo unabaki na megabiti 2 na nusu, ndo unaanza kuona vibokisi kwenye nyuso za watu kila wanaposogea. Kama video ni ndefu gawa diski 2, usiibane kwenye moja. Na kama video ni fupi usipandishe mpaka mwisho pia, kiwango cha juu kabisa cha picha ni megabiti 9.8 lakini diski ya kuchoma ikifika huko deki nyingi zinakwama, mi naishia 8.

Kuchoma kwenyewe ni kazi ndogo. Windows natumia ImgBurn, kwenye Linux kuna K3b na Brasero. Kama umezoea ile DVD Maker ya Windows 7 usiitafute, kuanzia Windows 8 haipo, ila ISO tayari unaweza kuichoma kwa Windows yenyewe bila programu nyingine. Diski ikiandikwa 16x (ndo spidi yake ya juu ya kuchoma) mimi nachoma kwa 8x, inachukua kama dakika 8 mpaka 10. Wapo wanaosema punguza spidi mpaka mwisho ndo inatoka bora, mimi sikubaliani, diski za siku hizi ile rangi ya ndani inayochomwa imetengenezwa kwa spidi kubwa na ukishuka sana wakati mwingine inatoka mbaya zaidi. Laptopu iwe kwenye chaji, zima ile ya kusinzia yenyewe, funga mambo mengine, na usiisogeze. Kabla hujaanza kuchoma weka tiki ya kuhakiki, ikimaliza programu inaisoma diski yote na kuilinganisha na ISO. Ni dakika chache tu na hutampelekea mtu diski mbovu.

Kama ndo unajifunza nunua DVD-RW moja ya majaribio, unafuta unachoma tena, ukiridhika ndo unaenda kwenye diski ya kudumu. Kuhusu DVD-R na DVD+R, aina mbili za diski za kuchoma mara moja, deki za siku hizi zinasoma zote, ila kama deki ni ya kizamani anza na DVD-R maana ndo ilitangulia kutoka. Na hakikisha programu imeifunga diski (finalize) baada ya kuchoma, isipofungwa kompyuta yako itaisoma vizuri tu alafu kwenye deki inagoma.

Usibandike karatasi juu ya diski, inazunguka kwa kasi na karatasi inaifanya iyumbe, alafu gundi ikizeeka inajikunja. Andika kwa makapeni laini yenye wino wa maji. Kufuta vumbi futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Diski iwe kwenye kava, imesimama, mbali na jua, maana ile rangi ndo imebeba video yako na mwanga unaila. ISO usifute, na kwa vitu vya familia mi nachoma nakala 2 kila mara.

Kuhusu menyu, TV za zamani zinakata kingo za picha kwa iyo vitufe visogeze ndani, na maandishi yawe makubwa. Ya mama nimemwekea vitufe vitatu tu, kila kimoja kina picha ya mtu badala ya maneno mengi. Anabonyeza cha katikati kila siku, kile chenye picha ya baba.