Mwanga wa nyota umeshuka, nimlipe mtu anisajilie sayari?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Masasi, nimejiunga kwa simu na Planet Hunters TESS, ule mradi wa mtandaoni ambapo watu wa kawaida wanatafuta sayari za nyota nyingine kwenye michoro ya mwanga wa nyota uliopimwa na TESS, darubini ya angani. Kuna nyota mwanga wake umeshuka mara moja tu, ukarudi. Jamaa wa kwenye grupu la WhatsApp anasema nimtumie elfu arobaini anisajilie hiyo sayari kwa jina langu kabla sijawahiwa. Nilipe?

JIBU: Marahaba. Usitume hata mia, na kama ushatuma basi ndo imeenda hiyo.

Kinachonichosha sio huyo tapeli peke yake, ni hii ya mtu kuona mwanga umeshuka anatangaza mtaa mzima kapata sayari. Hujapata sayari bana, umepata mwanga ulioshuka! Nyota mbili zinazozungukana zikizibana nazo zinashusha mwanga, tena mara nyingi sana tu, bonde kwenye mchoro wa mwanga linachongoka kama V, na linalofuata unakuta kina chake tofauti. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua letu inaziba kama asilimia 1 hivi, ya saizi ya Dunia haifikishi hata sehemu moja ya elfu kumi. Halafu kidoti kimoja cha picha za TESS kinaweza kubeba mwanga wa nyota kadhaa, kwa hiyo aliyeshuka pengine ni jirani.

Ila hiyo yako ya mara moja usiidharau. TESS inakodolea kipande kimoja cha anga siku kama 27 halafu inahamia kingine, na kompyuta zinapenda mishuko inayojirudia, sasa sayari yenye mwaka mrefu inapita mara moja, kompyuta inairuka, jicho la mtu linaidaka. Weka alama, basi. Mchoro huohuo wanapewa na wengine, mkikubaliana wanaastronomia wanaichunguza, wakiona inafaa wanageuzia darubini za ardhini kupima kama nyota inayumba kwa kuvutwa na sayari. Hapo ndo tunaanza kuongea habari za sayari.

Sasa kuna hawa wanaofundisha watu eti weka alama kila mahali utabahatisha. Karani wa ghala akiandika kila gunia la korosho daraja la kwanza, nani atamwamini hata siku gunia zuri limekuja kweli? Mchoro hauna kitu, sema hauna kitu, hiyo nayo ni kazi.

Na majina hayauzwi. Kian Jek na Robert Gagliano, wajitoleaji kama wewe, waliona dalili za sayari inayozunguka nyota mbili kwa pamoja, ikatangazwa 2012, na majina yao yamo kwenye andiko la kisayansi, lakini sayari yenyewe ikaitwa PH1b. Hata nyota WASP-71 inayoitwa Mpingo, mpingo huuhuu wanaochonga Wamakonde, na sayari yake Tanzanite, ni majina yaliyopitishwa 2019 na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia baada ya shindano la wazi, hakuna aliyerusha hela kwenye namba ya mtu.

Mtindo ni uleule kwa wanaouza vyeti vya kumiliki nyota, wanaochangisha wazazi ada ya "kozi ya NASA", na wanaodai utalipwa dola kwa kila klik. Zooniverse, tovuti yenye huo mradi wa Planet Hunters TESS, unajiunga bure na hailipi mtu, gharama yako ni bando tu. Anayekudai ada ya usajili mblok, na uwaambie na wenzio kwenye hilo grupu kabla hawajatuma.